Pima leo, tibu leo: shajara ya chumba cha uchunguzi wa mlango wa kizazi, Njombe

Hii ni kumbukumbu ya chumba kimoja katika kituo cha afya cha kata, mkoani Njombe. Ninaiweka kwa ajili ya wauguzi, wakunga na matabibu wanaotaka kuanzisha huduma kama hii mahali pasipo na daktari bingwa wala maabara ya kusoma seli. Hatua zilizokwenda salama nimezipita haraka. Zilizotusumbua nimezieleza kwa kirefu pamoja na gharama zake, maana ndizo zitakazokusumbua na wewe.

9 Februari 2022: chumba na vifaa vya kuanzia

Tumepewa chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua, ukuta mmoja na kliniki ya CTC, inayohudumia wanaoishi na VVU. Ujirani huo tuliuomba wenyewe. Mwanamke anayeishi na VVU ana hatari ya kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita kuliko asiye navyo, na Njombe imo katika mikoa inayoongoza nchini kwa maambukizi. Kwa mwenye kinga imara, mabadiliko yanayoletwa na virusi vya HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani; kwa mwenye kinga dhaifu inaweza kuwa 5 hadi 10. Kazi yetu yote imo ndani ya miaka hiyo: kumpata mama kabla hajaumwa chochote, kuliona doa (ngozi iliyoanza kubadilika, ambayo hugeuka nyeupe ikipakwa siki), kuliharibu, na kumruhusu aende zake siku hiyohiyo.

Vifaa: kitanda chenye vishikio vya miguu, spekulamu za chuma za kufungulia uke, pamba, glavu, siki, beseni za klorini, rejista ya MTUHA (mfumo wa serikali wa taarifa za afya), na mashine ya tiba mgando, ya kugandisha doa, na mtungi wake wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mashine ililetwa kwa mgao. Pazia, kufuli, rangi ya ukuta na ndoano za kutundikia nguo vilitoka kwenye fedha za uchangiaji za kituo, kama shilingi 180,000. Ndoano msizidharau. Mama asipoona mahali pa kutundika kitenge chake anakaa amekikumbatia, na uchunguzi unakuwa mgumu kwake na kwako.

31 Machi 2022: mwanga, siki na dakika moja

Wauguzi wawili wakimtazama mama yuleyule walikuwa wakitoka na majibu mawili. Tulidhani ni ugeni wa kazi, na kwa sehemu ni kweli, lakini tulipoanza kuwaita watazame kwa zamu mchana na jioni tukagundua kwamba tofauti inaongezeka giza linapoingia. Taa tuliyopewa ina balbu ya mwanga wa manjano. Chini ya mwanga huo doa jeupe hafifu humezwa na uwekundu wa kawaida, na ute unaong'aa hugeuka kuwa doa. Tumenunua tochi mbili za kichwani za mwanga mweupe, za kuchaji, shilingi 25,000 kila moja. Ubishi ulipungua wiki ileile.

Siki nayo. Inayotakiwa ni asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5. Chupa za dukani hapa kwetu zipo za shilingi 2,000 na za 3,500, na baadhi hazina kipimo chochote kwenye lebo. Ikiwa nyepesi kuliko asilimia 3, doa la kweli linaweza lisionekane. Sasa tunanunua ile tu iliyoandikwa asilimia 5, na chupa tuliyoifungua tunaiandikia tarehe. Mtu wa maabara alijitolea kutuchanganyia kutoka kwenye asidi kali, mililita 5 ndani ya mililita 95 za maji. Hesabu ni sahihi, na akachanganya vema, asidi ndani ya maji. Hata hivyo tulikubaliana kwamba chupa ya asidi kali haivuki mlango wa maabara. Rangi yake ni ileile ya maji, na siku mtu mwingine akiichovya pamba bila kujua, mama ataungua vibaya.

Dakika moja ya kusubiri baada ya kupaka siki nayo ilikuwa inahesabiwa kwa hisia. Saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, shilingi 8,000, imemaliza hilo.

Kilichobaki ni macho. Si kila jeupe ni doa. Kuna mstari mwembamba wa kawaida, kuna vivimbe vidogo vya ute, kuna polipu, kuna uambukizo unaofanya kila kitu kionekane cha kutisha. Doa la kutibu ni zito, kingo zake zinaonekana, na limegusa ule mpaka ambapo ngozi ya nje ya mlango wa kizazi inakutana na ya ndani. Tumeanza kupiga picha kwa simu, kwa ridhaa ya mama, ikionyesha mlango wa kizazi tu bila jina wala uso, na kila Ijumaa tunazipitia kwa njia ya simu na daktari wa wanawake aliye hospitali ya mkoa. Wazambia walianza hivyo Lusaka mwaka 2006, wauguzi wakipiga picha kwa kamera za kawaida na madaktari wakizisoma. Sisi tumeiga tu.

12 Julai 2022: mtungi na baridi

Hii ndiyo sehemu ambayo ningependa mtu angetuandikia kabla hatujaanza.

Tiba mgando inafanya kazi hivi: gesi inatoka kwa nguvu kwenye ncha ya chuma iliyobanwa kwenye mlango wa kizazi, ncha inashuka hadi kama nyuzi 68 chini ya sifuri, na ngozi yenye mabadiliko inaganda na kufa. Unagandisha dakika 3, unaacha iyeyuke dakika 5, unagandisha tena dakika 3. Alama ya kwamba umefanikiwa ni barafu kuenea milimita 4 hadi 5 nje ya ukingo wa ncha. Isipoenea hivyo, chembe zilizo pembeni na chini hazijafa, hata kama saa imesema dakika zimetimia.

Kuanzia mwanzoni mwa Juni barafu iliacha kuenea. Asubuhi ilikuwa inafika nusu, mchana inafika vizuri. Fundi aliyeitwa kutoka mjini alibadilisha kizibo cha mpira na kuondoka na shilingi 70,000, na kesho yake asubuhi hali ikawa ileile. Tukaanza kuandika pembeni ya kila tiba saa, usomaji wa geji na upana wa barafu. Ndipo ikaonekana: geji ya mtungi, ambayo inatakiwa ikae kati ya 40 na 70, saa mbili asubuhi ilikuwa inaanzia kwenye 42 na kushuka chini ya 40 kabla dakika tatu hazijaisha.

Sababu ni baridi yetu. Gesi hii ndani ya mtungi iko katika hali ya kimiminika, na maadamu kimiminika bado kipo, msukumo unafuata joto la mtungi, haufuati kiasi kilichobaki. Kwenye nyuzi 20 geji itasoma karibu 57. Kwenye nyuzi 5 itasoma karibu 40. Na unapoifungulia, mtungi wenyewe unazidi kupoa. Mtungi wetu ulikuwa unalala kwenye kibaraza cha nyuma, uliofungwa kwa mnyororo, na Njombe ya Juni hamhitaji kuelezwa.

Tuliyojaribu: kuufunika blanketi. Haikusaidia kitu, kwa sababu mtungi uliokwisha kupoa ukiufunika unabaki umepoa. Mlinzi akapendekeza jiko la mkaa pembeni yake. Tulimkatalia palepale, na ninaandika hapa ili mwenzetu mwingine asijaribu: mtungi wenye msukumo hauwekwi karibu na moto kwa namna yoyote, na mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unaua watu wenyewe. Kilichofanya kazi ni kuuhamishia ndani, kwenye chumba kinachopata jua la mchana, na kusogeza tiba zote zianze saa tano. Asubuhi tunafundisha, tunapima, tunajaza rejista. Geji ikiwa chini ya 40 hatufungui.

Makosa mengine mawili yalijificha nyuma ya hilo. La kwanza, tulikuwa tunaitazama geji kama mtu anavyotazama geji ya mafuta ya pikipiki. Haisemi kilichobaki. Inakaa palepale hadi kimiminika kinakwisha, kisha inaanguka ghafla mama akiwa kitandani. Dawa yake ni mizani: uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye shingo yake, toa huo kwenye uzito wa leo, unapata gesi iliyopo. Tumenunua mizani ya kupimia magunia ya viazi, shilingi 60,000. La pili, ncha ilikuwa inarudishwa kazini ikiwa na unyevunyevu ndani ya tundu lake baada ya kutakaswa. Tone la maji humo ndani linaganda na kuziba njia ya gesi. Sasa ncha zinakaushwa kabisa kabla ya kufungwa, na mtungi unasimama wima wakati wote, kwani ukilala kimiminika chenyewe kinaingia kwenye mpira.

Akina mama waliotibiwa asubuhi za Juni tumewawekea alama nyekundu kwenye rejista. Wanaitwa kuchunguzwa mapema, nauli juu ya kituo.

Gharama: gesi yenyewe ni rahisi. Kuifuata Mbeya, zaidi ya kilomita 200, ndiko kunakoumiza. Gari la wilaya likipatikana tunachangia mafuta, lisipopatikana tunalipa lori la viazi. Kila tukijaza, usafiri unazidi bei ya gesi.

7 Oktoba 2022: "rudi tutakapopiga simu"

Mwishoni mwa Agosti gesi iliisha, na mtungi wa kubadilishia ukakaa Mbeya kwa wiki kadhaa. Huku nyuma uchunguzi uliendelea kama kawaida. Mama akionekana na doa aliambiwa arudi tutakapopiga simu.

Gesi ilipofika tukapiga simu. Chini ya nusu ndio waliorudi. Wengine namba zilikuwa za majirani. Wengine walikuwa wamekwenda kupanda viazi mabondeni. Mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba safari ya kwanza alimwambia mume anakwenda kliniki ya mtoto, na ya pili hana la kumwambia. Mwingine, mama wa makamo, alimjibu sista wetu: "Mwanangu, mliniambia siumwi. Sasa mnanitibu nini?" Na kweli ndivyo tulivyomwambia.

Maelezo tumeyabadilisha. Hatusemi tena "huumwi" wala "una dalili za saratani", maana hilo la pili linamfanya mtu aage ndugu. Tunasema: kuna ngozi iliyoanza kubadilika, si saratani, ikiachwa miaka mingi inaweza kugeuka saratani, na ikitibiwa leo kwa walio wengi inakwisha.

Badiliko kubwa zaidi liliwaudhi watu wa takwimu. Siku tusipokuwa na uwezo wa kutibu, hatupimi. Chumba kinafungwa na WAJA, yaani wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wanaarifiwa jioni iliyotangulia. Wilayani tuliulizwa kwa nini idadi ya waliopimwa imeshuka, kwa sababu fomu ya robo mwaka ina safu ya waliopimwa juu kabisa na ya waliotibiwa iko chini. Kwa maoni yangu fomu hiyo imekaa kichwa chini miguu juu. Kumpima mtu, kumtia hofu, kisha kumpoteza ni kumdhuru. Tulijibu kwa barua, tukaambatanisha orodha ya waliopotea bila majina, na maswali yakaisha.

22 Februari 2023: majimaji, wiki nne na waume

Baada ya tiba mgando mama hutoka majimaji mengi ukeni kwa wiki nne hadi sita, na anatakiwa asikutane na mwenza kwa wiki nne. Hayo tuliyasema kila mara. Kinachotokea nyumbani hatukukifikiria.

Simu zilianza Desemba na zikaongezeka Januari, msimu wa ulanzi, wanaume wakiwa na muda na maneno mengi. Mke anarudi kutoka hospitali, anatoka maji, anasema amekatazwa kulala na mumewe mwezi mzima. Mume anaunganisha mwenyewe: ameletewa ugonjwa wa zinaa. Mama mmoja alirudishwa kwao. Mwingine aliona bora akae kimya, wakakutana wiki ya kwanza, akaja na maumivu na harufu.

Hatua tulizochukua. Kwanza, kila anayetibiwa anaulizwa kabla, faraghani, kama anataka mwenza aelezwe na nani amweleze. Wengine wanataka sisi, wengine wanataka mama mkwe, wengine hawataki mtu yeyote ajue, na hao tunawaheshimu. Pili, anayejua kwamba nyumbani hawezi kukataa anapewa kondomu za kutosha wiki zote hizo, na mafunzo ya namna ya kuzizungumzia. Tatu, pedi: pakiti tatu kwa kila mama, karibu shilingi 6,000, kutoka kwenye mfuko wa kituo. Mama asiye na pedi anatumia vitambaa, vinaloa shambani, na kijiji kizima kinajua.

Mwenyekiti wa kitongoji kimoja alitufungulia mlango kuliko vipeperushi vyote. Tulimkuta kwenye mkutano wa pembejeo, tukamsalimu "kamwene", tukaomba dakika kumi. Alisimama mwenyewe akawaambia wenzake kwamba kidonda cha upasuaji hakifunuliwi kabla ya siku zake, na huyu mama ana kidonda asichokionyesha. Maelezo ya darasani hayajawahi kunisaidia hivyo.

18 Mei 2023: kifaa cha joto

Kimefika. Kina umbo la bastola ndogo, kinashikwa kwa mkono mmoja, kinatumia betri ya kuchaji, ncha yake inapata joto la nyuzi 100 na zaidi. Hakuna mtungi, hakuna lori la viazi. Wazo si geni: Kurt Semm, daktari Mjerumani, alilianzisha miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani liliandika mwongozo wa kukitumia mwaka 2019. Kwetu kimeletwa kupitia mradi. Kwa mwenye kununua ajipange kwa kitu kama dola 1,000 pamoja na ncha.

Kazi yake: ncha ibanwe kwenye doa kwa sekunde 20 hadi 30. Doa likiwa kubwa kuliko ncha unarudia pembeni, kila duara likilalia kidogo juu ya jingine, hadi eneo lote la mpaka liwe limepita. Mama anasikia mkazo kama wa hedhi, wachache zaidi ya hapo. Majimaji baadaye ni machache kuliko ya gesi. Wiki nne za kujizuia zinabaki.

Mazoezi tulifanyia kwenye soseji na vipande vya maini, kwa sababu unapokata unaona joto limeingia kina gani. Yaliyojitokeza:

Ncha kulegea. Mkono unachoka, ncha inanyanyuka upande mmoja, nyama inabaki mbichi pale. Muuguzi mfupi anahitaji kitanda kishushwe au asimame juu ya kigoda. Tumetengeneza kigoda kwa seremala, shilingi 15,000.

Kuta za uke. Ncha yenye moto ikigusa pembeni inaunguza. Kwa mama aliyezaa mara nyingi kuta zinaangukia ndani ya spekulamu. Tunavisha spekulamu kondomu iliyokatwa ncha, kuta zinabaki nyuma. Mbinu ya zamani, haigharimu kitu.

Betri. Inachajiwa usiku na umeme wetu unakatika. Siku mbili tulifungua chumba na betri ikiwa nusu. Betri ya akiba imeagizwa; kwa sasa kifaa kinachajiwa kwenye sola ya jokofu la chanjo kwa makubaliano maalumu na mratibu wa chanjo, ambaye hajafurahi.

Urahisi wenyewe. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Zamani gesi ilikuwa chache, kwa hiyo tulitazama mara mbili kabla ya kufungua. Sasa kifaa kiko mkononi, mama yuko kitandani, na doa la mashaka linatibiwa "tu kwa usalama". Picha za Ijumaa zilionyesha wazi kwamba tumeanza kuchoma uambukizo wa kawaida. Tumerudisha sheria: doa la mashaka linatazamwa na watu wawili, na picha inapigwa kabla, si baada.

6 Novemba 2023: wasiotibika hapa

Tiba ya kuharibu ngozi, iwe ya baridi au ya joto, haiachi kipande cha kupeleka maabara. Ulichokichoma hutakijua tena. Kwa hiyo maswali ya kabla ya kubonyeza ni machache na hayana mjadala: doa lote linaonekana? Mpaka wote unaonekana? Linaingia ndani ya mfereji wa mlango wa kizazi? Kuna uvimbe, kidonda, damu inayotoka ukigusa tu? Ana mimba?

Mjamzito anasubiri hadi baada ya kujifungua. Doa linaloingia kwenye mfereji linahitaji kukatwa kwa waya wa umeme, sisi tunaita LEEP, na hiyo inafanyika hospitali ya mkoa. Bibi wa miaka 55 na kuendelea mara nyingi mpaka wake umekwisha kuingia ndani na siki haitatuambia kitu. Kumwambia "uko salama" kwa kipimo hicho ni kumdanganya.

Na wenye dalili za saratani yenyewe. Hao ni wachache, lakini ndio wanaokula muda na fedha. Kipande kinachukuliwa mkoani, jibu linakwenda na kurudi, na mionzi ni Ocean Road, Dar es Salaam, takribani kilomita 700. Kuna mama alipewa karatasi ya rufaa katika hospitali moja akaambiwa aende. Bila namba ya simu, bila tarehe, bila jina la mtu. Alirudi kwetu miezi baadaye, karatasi imekunjwa ndani ya Biblia, ugonjwa umesonga.

Tangu hapo hakuna anayeondoka na karatasi pekee. Muuguzi mmoja ndiye mwenye daftari la rufaa na anapiga simu anakokwenda mama kabla hajapanda gari. VICOBA viwili, vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, vimekubali kukopesha nauli bila riba kwa mwenye barua yetu. Kwa saratani ya hatua za mwanzo safari hiyo ina maana kubwa. Kwa zilizosonga, tumeomba mafunzo ya kutuliza maumivu ili asiyesafiri naye asiachwe.

30 Aprili 2024: wiki ya chanjo, na vijiti

Mwezi huu nchi imehamia kwenye dozi moja ya chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo yenyewe tulikuwa nayo tangu 2018, ila wakati huo ilianzia kwa wa miaka 14 na kwa dozi mbili. Chanjo si kazi ya chumba chetu. Lakini mama aliyemleta binti anauliza: "Na mimi?" Tumeweka meza pembeni ya foleni, na kwa mara ya kwanza wamejaa ambao hawakuitwa na mtu.

Meza hiyo imetumika kujaribu kipimo cha HPV chenyewe. Mama anapewa kijiti chenye pamba, anaingia chooni, anakiingiza mwenyewe, anakizungusha, anakirudisha kwenye kichupa. Hakuna spekulamu, hakuna kutazamwa. Waliokuwa wakikataa kitanda miaka yote wamekubali kijiti. Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linapendekeza kipimo hiki kitangulie siki: kuanzia miaka 30 kwa wanawake wote, 25 kwa wanaoishi na VVU. Wasio na virusi vya HPV, ambao ni wengi, hawana haja ya kupanda kitandani kabisa.

12 Septemba 2024: mashine ya kuazima

Sampuli zinasomwa na mashine ya GeneXpert ya kifua kikuu, yenye nafasi nne, kila moja saa moja hivi. Katriji ni zaidi ya dola 10 na bado hatulipi sisi, jambo linalonifanya nisiwashauri wengine wakimbilie kabla ya kujua mlipaji wa mwaka wa pili.

Tatizo la kwanza lilikuwa foleni. Makohozi yana haraka na yana haki ya kutangulia, kwa hiyo vijiti vilisubiri, majibu yakatoka kesho, na sisi tukajikuta tumerudi kwenye "rudi tutakapopiga simu" ya 2022 tukiwa na kipimo bora zaidi. Tulibadilisha mpangilio: WAJA wanakusanya vijiti vijijini Jumatatu na Jumanne, mashine inavisoma usiku ambapo makohozi yamekwisha, na anayeitwa kituoni ni mwenye virusi tu, siku ya kifaa cha joto. Safari yake moja ndiyo ya kutazamwa na ya kutibiwa. Mhudumu wa maabara wa zamu ya usiku analipwa posho ya shilingi 10,000.

Tatizo la pili lilikuwa simu. "Una HPV" ikipita kwenye simu mbovu inasikika VVU, na safari moja ilipokewa na masikio ya mume. Hatusemi jibu kwenye simu tena. Tunasema kijiti chako kimeshasomwa, njoo siku fulani, nauli utarudishiwa. Aliyepimwa bila virusi anaambiwa na WAJA nyumbani kwake.

Sampuli zisizofaa zilikuwa nyingi mwanzoni. Mashine inatambua kama kijiti kina chembe za mtu au hakina, na baadhi havikuwa vimeingizwa. Vilipakwa nje tu kwa aibu. Sista alichora picha kubwa ya ukutani chooni, yenye urefu wa kidole cha kati kama kipimo. Zimepungua.

22 Novemba 2024: marejeo ya mwaka

Waliotibiwa kwa joto mwaka jana wanarudi sasa. Wengi doa halipo, ngozi imefunga vizuri, mlango wa kizazi wa waridi. Wale wa alama nyekundu wa Juni 2022 walikuwa wameshapitiwa. Baadhi walihitaji kutibiwa tena, kama tulivyohofia.

Kati ya wanaoishi na VVU, waliobaki na doa ni wengi zaidi. Hilo linajulikana kila mahali na ndiyo maana wao wanarudi tena mwaka unaofuata hata wakikutwa safi. Tunalofanya ni kupanga tarehe yao iangukie siku ya kuchukua dawa CTC, asitengeneze safari nyingine. Ambaye doa limerudi na bado linatibika kwa joto, tumelirudia. Likiwa limerudi na kuingia ndani, anakwenda LEEP.

LEEP ndiyo kizingiti cha sasa. Hospitali ya mkoa inatupa Jumatano mbili kwa mwezi, na zikiangukia sikukuu zinapotea. Tabibu wetu mmoja amekubaliwa kwenda mafunzoni Januari. Mashine tumeahidiwa, kifyonza moshi hakikuwa kwenye ahadi hiyo, na bila hicho chumba chetu kisicho na dirisha kubwa hakifai. Fundi amepima ukuta wa kaskazini. Anataka shilingi 420,000, pamoja na nondo.